Ua Uliozaa Kunazi

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akijenga nyua za miiba, na watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kila mtu alimwita Miiba. Hata mwalimu mkuu alipomwandikia barua ya kumwita shuleni kwa ajili ya utundu wa binti yake mdogo, juu ya bahasha aliandika "Kwa Bwana Miiba", na barua ikafika bila kupotea njia. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, aliyevuka arobaini kidogo, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mingi kama ubao wa kukatia nyama.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mwenye mbuzi au ng'ombe alimwita, wakapima zizi kwa hatua, wakakubaliana, kisha Miiba akaingia porini na panga, kamba na uma mrefu wa mti. Alikuwa akikata mikunazi. Miti mingine yenye miiba ilikuwepo, lakini yeye aliapa kwamba hakuna unaoushinda mkunazi, kwa kuwa miiba yake huota miwili miwili: mmoja umenyooka, wa pili umepinda nyuma kama ndoana. "Huo ulionyooka unakuchoma," alikuwa akiwaeleza wateja, "na huo uliopinda unakuuliza unakimbilia wapi." Matawi aliyaburuta hadi kwa mteja, akayapanga vikonyo ndani na vichwa nje, akayashindilia kwa ule uma mpaka fisi akipitisha pua anajuta.

Ua wa namna hiyo hauishi sana. Mvua za misimu miwili zikipita, mchwa wanakuwa wamemaliza shughuli yao na mteja anarudi kubisha hodi. Miiba hakuwahi kuwalaani mchwa. Aliwaita washirika wake.

Shida ilikuwa moja tu, nayo aliipuuza kwa muda mrefu. Alipoanza kazi, mikunazi ilikuwa imesimama hadi kando ya barabara. Baadaye alilazimika kutembea saa nzima kuipata, na mwaka uliofuata saa moja na nusu. Aliwatania watu kwamba miti inamkimbia. Ukweli ni kwamba hakuna mti uliokimbia. Mkunazi ukiukata unachipua tena, hiyo ni tabia yake, ila yeye alikuwa akirudi kuukata tena kabla haujapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Iliyobaki karibu ilikuwa mikunazi kumi na minne, nyuma ya nyumba yake, kwenye ukingo wa korongo. Hakuna aliyeipanda. Ilijiotea yenyewe, na Miiba aliihesabu kuwa akiba yake ya siku ngumu.

Basi, mwaka huo, mwanzoni mwa kiangazi, mama mkwe wake akaja kukaa wiki mbili. Goti lilikuwa likimsumbua, na kwa binti yake zahanati haikuwa mbali. Alishuka kwenye lori la magunia akiwa na mifuko mitatu, kigoda na kinu. Miiba alikipokea kile kinu, akakibeba begani hadi nyumbani. Usiku ule ule, mkewe alipokuwa akifunga mlango, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mtu wa wiki mbili hatembei na kinu."

"Mama amezoea kinu chake," mkewe akajibu.

"Sijasema kitu. Nimeona tu kinu."

Siku tatu baadaye ndipo ilipokuja kazi kubwa. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, bwana mnene mwenye kofia ya turubai, alitaka zizi la kuwekea mifugo kabla ya kuipeleka mnadani. Lilikuwa zizi ambalo Miiba hakuwahi kujenga mfano wake, hatua mia mbili kuzunguka, na alilitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Miiba alikubali hapo hapo. Akilini alikuwa ameshaipanga ile mikunazi kumi na minne moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Asubuhi akanoa panga, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama ghafla. Chini ya mkunazi wa kwanza, ule mkubwa kuliko yote, turubai lilikuwa limetandikwa. Juu ya kigoda, katikati ya turubai, alikuwa ameketi mama mkwe wake, mguu mbovu ameunyoosha mbele, na ungo mapajani.

"Shikamoo, mama," alisema Miiba, akilificha panga nyuma ya mguu wake kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Na goti?"

"Goti lipo. Hebu niambie, hizi kunazi ni za nani?"

"Ni za pori tu, mama. Hazina mwenyewe."

"Kama hazina mwenyewe, basi nimejipa," akasema, na akaendelea kuchagua zilizoiva.

Miiba alibaki amesimama. Kwa mtu mwingine yeyote angesema, samahani kidogo, sogea nina kazi hapa. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Humwambii "sogea". Hata ukikuta amekaa juu ya godoro lako linaloungua, unatafuta kwanza namna ya kuanza. Akajikohoza, akaaga, akarudi jikoni.

"Nenda kamwambie mama yako ahame pale," akamwambia mkewe.

"Ahame kwa nini?"

"Nataka kukata ile miti."

Mkewe alikuwa akikoroga chungu, na hakugeuka. "Miti yako, kazi yako, mkwe wako. Mwambie mwenyewe."

Kesho yake alimkuta bibi wa watoto wake chini ya mti wa pili. Keshokutwa chini ya wa tatu. Alihama na kigoda chake kadiri kunazi zilivyoiva, na mchana alizianika juu ya bati la banda la mbuzi. Siku ya nne Miiba akapata wazo. Akaja mikono mitupu, akachuchumaa kwa heshima, akasema, "Mama, nina wasiwasi. Huku ukingoni kuna nyoka."

"Wapo," bibi akakubali. "Nimewaona. Walikuwa wawili."

"Sasa, mama, huoni kwamba—"

"Wameondoka. Nadhani kelele za ungo ziliwakera."

Miiba akainuka. Siku zilikuwa zinakwenda, na yule bwana wa ng'ombe alishamtumia mtu kuuliza. Ikabidi aende mbali, shingo upande, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na, kwa kuburuta mzigo, karibu saa tatu kurudi. Alikuwa akiondoka umande haujakauka na kurudi jua likiwa linatua, mabega yamekatwa na kamba. Kazi aliyozoea kuifanya kwa mzaha akaanza kuifanya kwa hasira, na hasira na mkunazi havipatani.

Siku ya tisa, alipokuwa akivuta tawi lililokwama, ule mwiba uliopinda ulimwingia kiganjani, chini ya kidole gumba. Kilikuwa kitu cha kila siku kwake. Akauvuta kwa meno, akatema, akaendelea. Hakujua kwamba ncha imebaki ndani. Siku ya pili mkono ulipata joto. Siku ya tatu ulikuwa umevimba kama andazi, na alipojaribu kushika panga, panga lilianguka lenyewe.

Mama mkwe alimwona akijaribu kufungua kifuniko cha mtungi kwa kiwiko.

"Lete mkono," akasema.

"Si kitu, mama. Mwiba tu."

"Nimesema lete." Aliuangalia bila kuugusa, kisha akaita kwa sauti, "Binti yangu, mpeleke mumeo zahanati. Sasa hivi, si baada ya chai."

Miiba, aliyekuwa akitarajia majani ya kusagwa na maneno matamu, alishangaa. "Nilidhani utanipaka dawa yako, mama."

"Dawa yangu ni ya wanaokuja mapema. Wewe umeshafika kwa nesi."

Nesi aliufungua mkono, akatoa ncha ya mwiba yenye urefu wa punje ya mchele, akamsafisha, akamchoma sindano, akamfunga bendeji hadi kifundoni. Kisha akamwambia asishike panga wala asivute kamba kwa wiki sita. Miiba akauliza kama alimaanisha siku sita. Nesi akamhesabia wiki hizo moja moja kwa vidole.

Yule bwana wa ng'ombe alipopata habari, alikuja mwenyewe kuangalia zizi. Lilikuwa limefika nusu, lenye umbo la mwezi mchanga. Akalizunguka, akavua kofia yake ya turubai, akajifuta jasho.

"Fundi," akasema kwa upole, "ua nusu unazuia ng'ombe nusu."

"Nipe muda, bwana mkubwa."

"Muda chukua. Mimi nitakodi zizi la mtu mwingine msimu huu." Na kweli hakuwa mtu mbaya, maana alimpa pole, akaondoka bila kumdai chochote.

Wiki sita za mtu asiyewahi kukaa bure ni ndefu. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, ghala lilikuwa linaonyesha sakafu, na sasa hata pesa za kazi hazikuwepo. Miiba aliwaza hayo kwa siku mbili, akizunguka uani kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Siku ya tatu mama mkwe akamwita.

"Mkono wa kushoto nao umefungwa?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa hapa. Zilizosinyaa tia huku, zilizotobolewa na wadudu tia kule."

Akakaa. Aliona haya mwanzoni, mwanaume mzima kuchambua kunazi kwa mkono mmoja pembeni ya mkwewe, lakini hapakuwa na mtu wa kumcheka isipokuwa mbuzi. Na akiwa pale ndipo akaanza kuona kilichokuwa kikiendelea nyumbani kwake tangu bibi aje, ambacho yeye hakuwahi kukiona kwa sababu alikuwa akitoka mapema na kurudi jioni.

Kunazi zilizokauka juu ya bati, bibi alizitwanga kwenye kile kinu, polepole ili kokwa zisipasuke, halafu akapepeta, akapata unga wa rangi ya udongo uliokuwa mtamu wenyewe bila sukari. Unga ule ndio uliokuwa kwenye uji wa watoto asubuhi. Miiba alikuwa akiunywa kila siku na kudhani mkewe amepata sukari ya bei nafuu. Sehemu nyingine bibi aliikanda na maji kidogo, akaikausha kuwa vikate vyembamba, na mkewe alikuwa akivipeleka kwenye lango la shule na kwenye benchi la wagonjwa pale zahanati, akirudi na mafuta ya kupikia, chumvi na mchele. Matawi madogo yaliyokuwa yakimzuia bibi kufikia kunazi aliyakata kwa kisu cha jikoni na kuwatupia mbuzi, nao, kwa hiyo miiba yote, walikuwa wakiyala kama wanaokula mkate, na katikati ya kiangazi kikavu walikuwa bado wanatoa maziwa.

Jumamosi moja alimkuta akiwaosha wajukuu vichwa. Alikuwa amesugua majani ya mkunazi kwenye beseni la maji mpaka yakatoa povu, na wasichana wawili wamefumba macho, povu linatiririka hadi masikioni.

"Hiyo ni sabuni gani?" akauliza Miiba.

"Ni ile unayowafungia ng'ombe ndani," bibi akajibu, na binti mdogo, yule mtundu, akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Lakini kilichomgusa hasa kilikuwa kitu kidogo. Walikuwa wakichambua, na bibi akamnyooshea kunazi moja. "Onja." Akaonja. Akampa nyingine. "Na hii." Ya kwanza ilikuwa tamu kavu, kama tende iliyokauka. Ya pili ilikuwa chachu hadi ikamfumba jicho.

"Hii imeoza?" akauliza.

"Haijaoza. Hiyo ya kwanza ni ya ule mti mkubwa. Hiyo chachu ni ya ule wa tano, ulioinama. Kunazi za wa sita na wa saba zinafanana, lakini wa saba kokwa yake ni kubwa, nyama kidogo. Wa tisa usihangaike nao, ni wa mbuzi. Wa kumi na mbili ndio wa unga." Akampangia yote kumi na minne, kama mtu anayeeleza watoto wake, yupi mvivu, yupi mchoyo, yupi mwenye roho nzuri lakini anachelewa.

Miiba akatema kokwa kiganjani, akaitazama. Alikuwa amekata maelfu ya mikunazi. Alijua upana wa shina kwa kulikumbatia kwa macho, alijua tawi lipi litapinda na lipi litavunjika. Utotoni alikula kunazi kama watoto wote, akijaza mifuko mpaka mshono ukaachia. Tangu ashike panga, hata hivyo, hakuwahi kujua kwamba mti mmoja una ladha yake na mwenzake una yake. Alijisikia kama mtu aliyefanya kazi nyumba moja na wenzake miaka ishirini bila kuwauliza majina.

"Mama," akasema, "ile siku ya kwanza ulijua nimekuja kuikata?"

"Panga lilikuwa linang'aa nyuma ya mguu wako."

"Mbona hukusema kitu?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Miiba amwoe binti wa bibi.

Mkono ukapona, ukabaki na kovu na ugumu kidogo wa asubuhi. Hata hivyo alibaki kwenye kunazi hadi kiangazi kilipoisha, na kabla hajarudi porini mvua zikaingia, na ziliingia kwa fujo. Siku ya pili ya mvua, mchana, ulisikika mshindo kwa jirani. Jirani huyo alikuwa fundi viatu, na kiwanja chake kilipakana na cha Miiba kwenye ukingo ule ule wa korongo. Wote wakatoka mbio. Korongo lilikuwa limemeza choo cha fundi viatu chote, paa na mlango, na lilikuwa limekata ardhi hadi hatua chache kutoka kwenye banda lake la kazi. Upande wa Miiba, pale penye mikunazi, ukingo ulikuwa umesimama. Udongo ulikuwa umetoka kidogo, ukaonyesha mizizi iliyoshikana kama vidole.

Miiba alitazama upande huu, kisha ule. Mikunazi ya upande wa fundi viatu aliikata yeye, misimu mitatu nyuma, hadi vishina. Fundi viatu ndiye aliyemwomba, maana majani yalikuwa yakianguka kwenye paa.

"Jirani, mimi ndiye niliyekata ile miti," akasema.

"Na mimi ndiye niliyekupikia chai ukikata," fundi viatu akajibu, maji yakimtiririka puani. "Usinitie huruma saa hii. Nipe funguo za choo chako."

Kwa miezi miwili familia mbili zilitumia choo kimoja, na hakuna kinachowakutanisha watu asubuhi kama hicho.

Jioni ya siku ile, mvua ilipopungua, Miiba na mama mkwe walikaa barazani. Bibi alikuwa akisugua goti lake. Wiki mbili zake zilikuwa zimefika miezi mitano na hakuna aliyezitaja.

"Ule ua wa bwana wa ng'ombe," akasema bibi, "unarudi kuumalizia?"

"Nataka. Ila sijui nikate wapi."

"Kwa nini ukate? Upande."

Miiba akadhani hajasikia vizuri. Bibi akamweleza. Mikunazi ikipandwa mstari mmoja, hatua moja kati ya mche na mche, na matawi yakisukwa yakiwa bado mabichi, ndani ya miaka mitatu huwa ukuta ambao hauozi. Mchwa hawaugusi kwa kuwa uko hai. Unazaa. Unalisha. Unashika udongo. Kwao, alipokuwa msichana, baba yake alikuwa na ua wa hivyo, na yeye na dada zake walichuma na kula kunazi zake kila kiangazi.

Miiba alisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu. "Mama, usinielewe vibaya. Ua usiooza ni mzuri kwa mwenye ng'ombe. Mimi je? Nikijenga ua mmoja wa milele, nani atarudi kunibishia hodi?"

"Kinyozi wako anaitwa nani?"

"Kinyozi?"

"Alikunyoa mara moja ukamalizana naye?"

Miiba akajishika kichwa. Akaelewa. Ua ulio hai unakua, na unaokua unataka kupogolewa, kusukwa, kunyooshwa, kila mwaka. Hakupata usingizi mwema siku ile, lakini hiyo ilikuwa kwa furaha ya kupanga mambo.

Kupanga ni jambo moja na kuota ni jingine. Alifukia kokwa mia tatu kwenye makopo na mifuko ya maziwa iliyotobolewa, akazimwagilia kwa mwezi mzima, zikaota kumi na moja. Mama mkwe akaja kuziangalia, akaguna. Kokwa ya kunazi ni ngumu kama msimamo wa mtu mbishi, akasema, haifunguki kwa kubembelezwa. Akaketi na jiwe na nyundo ndogo aliyoazima kwa fundi viatu, akamwonyesha namna ya kuipiga kokwa hadi iachie ufa bila kuiponda mbegu ya ndani. Miiba aliponda arobaini za kwanza. Hamsini zilizofuata zikaenda vizuri, na baada ya hapo mamia. Safari hii miche ilijitokeza kwa wingi hadi makopo yakaisha, na wasichana wakaanza kuokota mengine njiani kutoka shule.

Bwana wa ng'ombe alipoona miche ile, yenye urefu wa kiganja na majani sita sita, alivua tena kofia yake.

"Fundi, huo ndio ua?"

"Ndio, bwana mkubwa."

"Hata kuku anaruka."

"Kuku haibi ng'ombe." Kisha Miiba akamweleza mpango, ambao ulikuwa wake mwenyewe, hata bibi hakuufikiria. Angemalizia zizi kwa miiba ya kukata, kidogo kidogo, akichukua matawi ya pembeni tu na kuacha kila mti na kichwa chake. Na nyuma ya ua huo mkavu, upande wa nje, hatua mbili, angepanda mstari wa miche na kuuzungushia vijiti. Ua mkavu ungedumu misimu miwili, mitatu ukibahatika. Ukifika kuoza, wa nyuma yake utakuwa umesimama.

Bwana wa ng'ombe akainama kuugusa mche mmoja. "Na usiposimama?"

"Nitakujengea mwingine wa bure, na mama mkwe wangu ni shahidi."

Haikwenda laini. Mwezi wa kwanza mbuzi wa watu walivunja vijiti na kula miche sitini, hadi mashina. Miiba alikaa chini akataka kulia, kisha akaona wiki mbili baadaye yale mashina yakitoa machipukizi mawili mawili. Kiangazi cha kwanza alikuwa akibeba maji kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja kwenye usukani, na watu wakamtania kwamba sasa anainywesha miiba. Yeye akawajibu kwamba miiba ndiyo iliyomlisha, ni zamu yake. Mwaka wa pili miche ilimfika kiunoni, akaanza kuisuka, tawi la huyu chini ya tawi la yule, akiwa amevaa glavu za ngozi alizoshonewa na fundi viatu kutoka kwenye mabaki ya viatu, moja nyeusi na moja ya kahawia. Watu wengine wawili wakaja kuuliza. Mwalimu mkuu naye akamwandikia barua nyingine, na safari hii haikuwa kuhusu binti yake: shule ilitaka ua wa namna ile kuzunguka bustani. Fundi viatu hakusubiri kuambiwa. Alipanda mikunazi ishirini kwenye ukingo wake, akaweka na mizinga miwili ya nyuki, kwa sababu maua ya mkunazi, japo harufu yake haiwapendezi watu, nyuki wanayagombania.

Mwaka wa tatu, mvua zilipoisha, ua mkavu wa bwana wa ng'ombe ulikuwa umeshakuwa vumbi na mchwa. Miiba aliuondoa wote kwa siku nne, kwa uma ule ule wa zamani. Ikabaki mikunazi peke yake, iliyozidi urefu wa mtu, imeshikana toka chini hadi juu, na kunazi za kwanza, za kijani, zikining'inia kwenye miiba.

Siku ya kuwaingiza ng'ombe tena, bwana mkubwa alikuja, na wachungaji wake, na fundi viatu, na mkewe Miiba aliyekuwa amembeba mama yake kwenye baiskeli kwa sababu ya goti. Miongoni mwa ng'ombe alikuwemo fahali mmoja mwekundu ambaye wachungaji walimwogopa, maana alikuwa amevunja mazizi mawili mwaka ule. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwenye ua, akauwekea paji la uso, akasukuma. Ua ukayumba kidogo, ukarudi. Akasukuma tena. Kisha akatulia, akarudisha kichwa taratibu, kama mtu aliyeshikwa shati na msumari, akajing'oa, akasimama akiutazama. Akanyoosha ulimi, akachuma majani machache yaliyokuwa karibu, akaanza kutafuna.

Wachungaji wakashusha fimbo.

Bwana mkubwa alivaa kofia yake. "Anaula," akasema.

"Ataupunguzia kazi mkasi wangu," akajibu Miiba. "Ila nitakuja kuupogoa mwezi ujao, kabla haujakuzibia lango. Matawi niachie mimi, nina mbuzi."

"Na hizi kunazi?"

Miiba akamgeukia mama mkwe. Bibi alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli, anachechemea kando ya ua, anachuma moja hapa na moja pale na kuziuma, japo zilikuwa bado changa. Alionja nne, akazitema tatu.

"Mwambie asubiri kiangazi," akasema. "Halafu nitakuja kumwonyesha ipi ni ipi."